Hesabu ya Wagonjwa ni Deni kwa Wagonjwa



Katika vilima vya Kasulu na Kibondo tumezoea kuwapokea watu wa hesabu. Huja na madaftari, na siku hizi huja na simu za kuandikia majibu. Huuliza ni watoto wangapi waliolala ndani ya chandarua, ni nani aliyeharisha wiki hii, ni nani aliyefariki na kwa dalili zipi. Humtoboa mtoto kidole, wakachukua tone la damu, wakaaga. Nasi huwapa kiti na kuwajibu kwa adabu, kama tulivyolelewa. Lakini gari linapokwisha kushuka kilima, swali hubaki uani: hesabu hii ni ya nani, nayo itamfaa nani?

Swali hilo si utovu wa shukrani. Ni swali la haki, na linastahili kujibiwa. Maoni yetu ni haya: kazi ya mtafiti anayefuatilia magonjwa ya kuambukiza ni miongoni mwa kazi kubwa za kutetea uhai wa wanyonge, na anayeipuuza hajui imeokoa watu wangapi. Hata hivyo, hesabu hiyo ni deni. Aliyechukua habari za mgonjwa amekopa kwa mgonjwa, na mkopo hulipwa kwa mwenye mali, si kwa mtu mwingine.

Hesabu inayookoa

Daktari humtazama mgonjwa aliye mbele yake. Mtafiti wa maradhi ya milipuko hutazama watu wote kwa pamoja, akauliza maswali matatu ya kawaida kabisa: nani anaugua, wapi, na tangu lini? Kutokana na majibu hayo huweza kusema ugonjwa unatoka kisima kipi, unapita njia ipi, na uzuiwe wapi. Hatibu mtu mmoja mmoja. Lakini akisema kweli, na akasikilizwa, maelfu hawaugui.

Wataalamu wa dharura wana kipimo ambacho kila kiongozi wa mikoa ya mpakani yafaa akijue. Penye wakimbizi au watu waliohama ghafla, vifo vikifikia kimoja kwa kila watu 10,000 kwa siku, hiyo ni dharura. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano kipimo ni vifo 2. Maana yake, kambi ya watu 60,000 ikizika watu 6 kila siku, hapo hapana tena muda wa vikao virefu.

Sasa tukumbuke mji wa Goma, ng'ambo ya mpaka, mwezi Julai 1994. Katika siku chache Wanyarwanda kati ya 500,000 na 800,000 walivuka na kukaa juu ya miamba ya volkano, mahali ambapo hata kuchimba choo au kaburi ni shida. Kipindupindu kikaingia, na nyuma yake ugonjwa wa kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000. Watafiti walipokokotoa walipata vifo kati ya 20 na 35 kwa kila watu 10,000 kwa siku. Kwa kambi ile ya mfano wetu, ni kuzika watu 120 hadi 210 kila siku. Msiba huo usingalihesabiwa, leo ungalikuwa masimulizi tu, na wakubwa wangaliweza kusema kwamba watu wametia chumvi. Kwa kuwa ulihesabiwa, uliwafanya wahisani wajichunguze, na tangu mwaka 1997 mashirika ya misaada yakaanza kuandika viwango vya chini vya kumhudumia mtu aliyekumbwa na maafa. Miongoni mwake ni lita 15 za maji kwa kila mtu kwa siku na choo kimoja kwa watu wasiozidi 20. Viwango hivyo vimeandikwa juu ya makaburi ya Goma.

Miaka 21 baadaye zamu ilikuwa yetu. Mwezi Mei 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walirundikana Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika kilichobanwa kati ya maji na milima, kisicho na barabara ya gari. Walikunywa maji ya ziwa lilelile walilojisaidia kandokando yake. Kipindupindu kikazuka. Kufikia tarehe 22 Mei Umoja wa Mataifa ulitangaza wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31. Watu walichukuliwa kwa meli kongwe ya Liemba hadi Kigoma, na kutoka huko wakapandishwa kwa mabasi hadi Nyarugusu, wilayani Kasulu. Wagonjwa walitengwa na kutibiwa, maji yakatiwa dawa, na katikati ya mwaka ule chanjo ya kipindupindu ya kunywa ikatolewa kambini. Yaliyotokea Goma hayakutokea Nyarugusu. Sababu moja kubwa ni kwamba safari hii watu walihesabiwa mapema, na hesabu ikafuatwa na matendo.

Upo mfano mwingine wa kutia moyo, ingawa ni wa mbali. Mwaka 1971 wakimbizi waliotoka nchi ambayo leo ni Bangladesh walijazana Bongaon, nchini India, na kipindupindu kikawafyeka. Dripu zikaisha. Mtafiti mmoja, Dkt. Dilip Mahalanabis, akaamua kufanya jambo ambalo waganga wengi walilitilia shaka: alichanganya sukari ya glukosi, chumvi na magadi katika maji safi, akawakabidhi ndugu za wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo, vilivyokuwa vikifikia takriban 30 katika kila wagonjwa 100, vikashuka hadi chini ya 4. Pakiti ya dawa ya kuharisha ambayo mama wa Kibondo huikoroga leo katika kikombe ni ndugu ya maji yale. Tuzingatie kwamba ushindi ule haukuwa wa dawa tu. Ulikuwa pia ushindi wa kumwamini mama asiyesoma kwamba anaweza kumwokoa mwanawe.

Ugonjwa hauna taifa

Tumesikia mara nyingi katika minada na vilabuni kwetu maneno haya: "Wakimbizi ndio waliotuletea maradhi." Hatuwezi kuyanyamazia, kwa sababu ni maneno yanayoweza kuzaa fimbo na moto.

Katika vifo vile 31 vya Mei 2015, wakimbizi walikuwa 29 na Watanzania 2. Kipindupindu hakikumwomba mtu kitambulisho. Mwezi Agosti mwaka uleule kililipuka Dar es Salaam, kisha kikaenea katika mikoa mingi ya bara na kuugusa umma wa watu wasiopata kumwona mkimbizi. Dar es Salaam haina kambi. Ina mitaa isiyo na maji safi wala mifereji ya majitaka. Mtafiti anapochora ramani ya ugonjwa huu, mistari yake haifuati kabila wala uraia. Hufuata bomba lililopasuka, choo kilichofurika na kisima kisichofunikwa. Anayesema mgeni ndiye ugonjwa amemwachilia huru mshitakiwa wa kweli.

Hesabu hufanya na jambo jingine: huonyesha ni nani anayeonewa ndani ya maonevu. Kule Goma watafiti hawakuridhika na wastani wa kambi nzima. Walitazama kaya moja moja, wakaona kwamba watoto wa kaya zinazoongozwa na wanawake walikuwa katika hatari zaidi ya utapiamlo. Chakula kilipitia mikononi mwa viongozi wa wakimbizi wenyewe, na mjane asiye na mtetezi alipata makombo. Kama wangalihesabu magunia yaliyoingia kambini tu, wangaliandika kwamba chakula kimetolewa. Ni pale walipowapima watoto ndipo dhuluma ilipoonekana.

Na papo hapo tuseme ukweli wa upande wa pili. Wenyeji nao wana malalamiko ya haki. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Kigoma watoto wapatao 24 katika kila 100 wa umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na vimelea vya malaria, na huo ulikuwa mkoa wa juu kabisa nchini. Wastani wa taifa ulikuwa kama 7. Nani alijua? Kambi huandikiwa taarifa za wiki kwa wiki zinazosomwa Geneva, ilhali mtoto wa kijiji cha jirani hungojea miaka ahesabiwe. Huko si kuwachukia wakimbizi. Ni kudai kwamba pande zote mbili za uzio zihesabiwe kwa kipimo kimoja na zitibiwe kwa dawa ileile.

Hesabu iliyoumiza

Wapo wasomi wanaodhani kwamba sayansi ikiwa sahihi basi haki imekwisha kutendeka. Wazee wa Buha wanajua kwamba sivyo.

Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza ilipambana na malale katika nchi yetu kwa njia ya kuwakusanya watu. Wataalamu walichunguza, wakachora ramani za ndorobo, wakaamua kwamba watu waliotawanyika porini wahamishiwe katika makazi ya pamoja ambako vichaka vingefyekwa ili ndorobo akose kivuli. Hatukatai kwamba malale ilikuwa tishio la kweli, wala kwamba makazi yale yalirahisisha kuwapima watu na kuwatibu. Lakini watu walihamishwa kwa amri. Waliacha mashamba, mizinga ya nyuki na makaburi ya wazazi wao. Na nchi waliyoiacha haikubaki tupu: pori lilirudi, wanyama wakarudi, na ndorobo akarudi pamoja nao. Watafiti wa baadaye, kama John Ford katika kitabu chake cha mwaka 1971 na Helge Kjekshus katika cha mwaka 1977, walieleza kwamba Waafrika wa kale walikuwa na njia zao za kumzuia ndorobo kwa kulima, kufuga na kuchoma nyasi kwa majira, na kwamba kuwaondoa watu kulimpa mdudu yule nafasi pana zaidi. Maarifa hayo yalikuwapo vichwani mwa wakulima. Hakuna aliyeona haja ya kuwauliza.

Kwa hiyo wazazi wetu walipohamishwa tena katika Operesheni Kigoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, wengine walikuwa tayari wamekwisha kujifunza kwamba mtu anayekuja na ramani huenda amekuja na amri. Mashaka ambayo baadhi ya watafiti wa leo huyaita ujinga wa wanavijiji yana mizizi katika historia hii.

Jambo hili halikutendwa Afrika pekee. Huko Tuskegee, nchini Marekani, watafiti wa serikali waliwafuatilia wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende tangu 1932 hadi 1972. Penisilini ilipokwisha kujulikana kuwa dawa, hawakupewa, ili watafiti waendelee kuona jinsi ugonjwa unavyowala. Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa mwaka 1997. Daftari lilikuwa sahihi, na kazi yote ilikuwa uovu.

Kinyume chake kipo pia, nacho ni cha nyumbani. Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti wa Tanzania na wenzao wa ng'ambo walifanya kazi katika jumuiya 12 za Mkoa wa Mwanza. Walitaka kujua kama kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika zahanati za kawaida kungepunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Majibu yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizi mapya yalipungua kwa kiasi cha 40 katika kila 100. Hawakutumia mashine za ajabu. Walimfunza mganga wa zahanati, wakahakikisha dawa zipo. Utafiti wa namna hiyo humwachia mwananchi kitu mkononi hata kabla kitabu hakijachapishwa.

Hesabu iliyofichwa

Ikiwa ni dhambi kumhesabu mtu bila kumtibu, ni dhambi pia kukataa kumhesabu kabisa.

Kufikia Mei 2020 Tanzania ilikuwa imetoa takwimu za wagonjwa wa korona, jumla yao 509 na vifo 21, kisha ikanyamaza kwa zaidi ya mwaka mmoja. Katika ukimya ule watu waliendelea kuzika. Mwezi Machi 2021 Katibu wa Baraza la Maaskofu, Padre Charles Kitima, alieleza hadharani kwamba katika muda wa miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista wapatao 60 walikuwa wamefariki. Penye daftari lililofungwa, kila nyumba hulazimika kuhesabu wafu wake yenyewe.

Karibu zaidi nasi ni Biharamulo, jirani wa Kakonko. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kuna watu wanaoshukiwa kuugua homa ya Marburg huko. Siku iliyofuata wananchi waliambiwa kwamba vipimo havikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Januari Rais mwenyewe akathibitisha kwamba upo. Ugonjwa ulidhibitiwa na mwezi Machi ukatangazwa kuwa umekwisha, nao waliohesabiwa kuugua, watu 10, wote walikuwa wamefariki. Tunawashukuru wahudumu waliozuia moto ule usienee. Hata hivyo tunauliza: katika siku zile ambazo kauli hazikupatana, mama wa Kakonko aliyekuwa akienda kumuuguza dada yake amsadiki nani?

Watakuwapo wanaojibu kwamba habari za ugonjwa huleta hofu, huua biashara na huwakimbiza wageni. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, maana mchuuzi wa dagaa na mwenye basi nao wana watoto wa kulisha. Lakini hofu haizaliwi na habari, huzaliwa na habari za nusunusu. Mtu anayejua ugonjwa uko wapi hujihadhari na mahali hapo. Asiyejua huogopa kila mahali, au haogopi popote, na yote mawili huua. Isitoshe, serikali iliyokwisha kutangaza ugonjwa yenyewe husadikiwa siku inapotangaza kwamba umekwisha.

Tunachodai

Kwa kuzingatia hayo yote, tunaona kwamba watu wa nyanda hizi, wenyeji na wakimbizi, wana haki ya kudai mambo manne.

Kwanza, waelezwe kabla hawajahesabiwa. Ridhaa iliyotolewa kwa lugha asiyoifahamu mtu si ridhaa. Bibi wa Heru aelezwe kwa Kiha, na Mkongo aelezwe kwa lugha yake, kwamba damu inachukuliwa kwa sababu gani na kwamba anaweza kukataa asinyimwe matibabu.

Pili, majibu yarudi. Kila utafiti uliofanyika kijijini usomwe katika mkutano mkuu wa kijiji hichohicho, kwa maneno ya kueleweka, kabla haujasomwa katika hoteli za mijini. Majina ya wagonjwa yabaki siri, lakini hali ya kijiji isiwe siri kwa kijiji.

Tatu, hesabu ifuatwe na huduma. Ukigundua kisima kimechafuka, kazi yako haiishi kwa kuandika kwamba kimechafuka. Na anayeandika hesabu hizo kila siku, yaani mhudumu wa afya wa kijijini anayetembea milima kwa miguu, alipwe ujira wake. Ni aibu kwamba mara nyingi msingi wa takwimu zote hizi hubebwa na mtu wa kujitolea asiye na posho wala mwavuli.

Nne, hesabu isiwe silaha. Isitumiwe kumfukuza mkimbizi, kumbomolea mtu nyumba wala kumnyima mtu kazi. Ramani ya ugonjwa ichorwe ili kupeleka maji na dawa. Ikitumiwa kupeleka askari, wagonjwa watajificha, na ugonjwa utajificha pamoja nao.

Nasi pia tuna wajibu. Mgonjwa wa kuharisha apelekwe zahanati mapema, asifichwe kwa kuona haya. Msiba wenye dalili za kutisha uripotiwe. Mtafiti mwaminifu akija, aambiwe kweli, kwani aliyedanganywa atapeleka dawa mahali pasipo na ugonjwa. Hatuwezi kudai ukweli kutoka juu huku sisi tukiuficha uani.

Mwanadamu ana thamani kabla hajaandikwa popote. Lakini katika dunia ya bajeti na mafungu, yule asiyeandikwa hasahauliwi baada ya kufa tu; husahauliwa angali hai. Ndiyo maana tunasema watu wahesabiwe, wahesabiwe wote, na hesabu irudi kwa wenyewe.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Ni utafiti gani uliowahi kufanyika kijijini kwetu? Je, majibu yake tuliyapata?

2. Tunapozungumza juu ya magonjwa, ni watu gani tunaowalaumu? Je, tumekwisha kuchunguza visima na vyoo vyetu wenyewe?

3. Mhudumu wa afya wa kijiji chetu anasaidiwa na nani katika kazi yake, nasi tunaweza kumfanyia nini mwaka huu?